Tumbo Linajaa na Halishuki: Namna ya Kuzitambua Dalili za Saratani ya Ovari

Mwanamke wa Mbagala au Kimara likimjaa tumbo, safari ya kwanza ni duka la dawa pale kona. Anapewa dawa ya gesi. Isipomkubali anapewa ya amiba, kisha ya vidonda vya tumbo, halafu anaambiwa akapime UTI. Akirudi nyumbani, mama mdogo anamwambia hilo ni chango, atafutiwe mizizi. Mara nyingi watu hao hawakosei sana, kwa sababu tumbo kujaa huwa ni gesi tu, na saratani ya ovari ni ugonjwa adimu ukiupima na hayo mengine. Ubaya wake ni kwamba hauna dalili yake yenyewe. Unaazima dalili za magonjwa madogo, na kinachousaliti ni tabia ya dalili hizo: ni ngeni kwa mwanamke huyo, zinamjia karibu kila siku, na dawa haziziondoi. Kuzifuatilia unahitaji daftari, kalamu na futi ya fundi cherehani.

Kabla ya yote: ovari ziko wapi, na kipimo gani hakizioni

Ovari, ambazo wengine huziita mifuko ya mayai, ni mbili, moja kila upande wa kizazi. Kwa mwanamke anayepata hedhi kila moja ina urefu wa kama sentimita 3, na husinyaa hedhi ikishakoma. Zimejificha chini kabisa ya tumbo, ndani ya nyonga, zikipakana na utumbo na kibofu cha mkojo. Huko kuna nafasi. Uvimbe unaweza kunenepa taratibu bila kuuma, na ukianza kubana, vinavyobanwa ni utumbo na kibofu. Ndiyo sababu dalili za mwanzo ni za tumbo na mkojo, huku hedhi ikiendelea kama saa. Chembe za saratani zikidondokea kwenye utando unaofunika matumbo, maji hujikusanya tumboni, nalo tumbo huvimba. Saratani nyingi za aina hii zinajulikana sasa kuwa huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, jirani kabisa na ovari, lakini dalili ni zilezile.

Sasa kosa linalowaponza wengi: “Mimi nimeshapima kizazi, niko salama.” Kipimo cha siki, kile cha kukwangua ute, na cha kirusi cha HPV, vyote vinatazama mlango wa kizazi. Havioni ovari hata kidogo. Endelea kuvifanya, maana saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ila majibu yake mazuri yasikuondolee wasiwasi wa tumbo linalojaa.

Wala hakuna kipimo cha kila mwaka cha ovari kwa mwanamke asiye na dalili yoyote. Uingereza walijaribu kwa wanawake zaidi ya 200,000, wengine wakipimwa damu au ultrasaundi mwaka hadi mwaka, na matokeo yaliyotolewa 2021 yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Kwa hiyo ukiuziwa kifurushi cha “kupima saratani zote” huku huumwi kitu, pesa hiyo ina kazi nyingine ya kufanya.

Hatua ya 1: zijue dalili nne

Tumbo kujaa. Hii ndiyo ya kuichunguza zaidi, kwa kuwa ndiyo inayopuuzwa zaidi. Gesi hupanda na kushuka: asubuhi tumbo liko bapa, jioni baada ya maharage limekuwa ngoma, ukijamba unapata nafuu. Tumbo la kushuku huamka limejaa na kulala limejaa. Kitambi nacho kina mwenendo wake, huja pamoja na mwili mzima, mikono na mapaja vikijaa. Maji ya tumbo yanakwenda kinyume: gauni ulilovaa harusini Desemba halifungi zipu kiunoni ikifika Machi, lakini mikono ya gauni hilohilo inapwaya. Kanga uliyokuwa ukiizungusha ikabaki ncha ya kuchomeka, sasa ncha hazikutani vizuri. Watu wanakupongeza umenawiri, na wewe ukijitazama shingoni mifupa imetokeza.

Kushiba upesi. Nusu sahani ya ubwabwa na unahisi umekula karamu. Si kukosa hamu tu. Njaa inaweza kuwapo, ukila vijiko vitano tumbo linakataa.

Maumivu au uzito chini ya kitovu au nyongani, yasiyofuata tarehe za hedhi. Wengine huyasikia kiunoni kwa nyuma.

Mkojo. Kwenda mara kwa mara, au kubanwa ghafla hadi unakimbilia choo, huku kipimo cha mkojo kikisema hakuna maambukizi. Hapa ndipo dawa za UTI zinapolewa mizunguko mitatu minne bila mtu kuuliza kama mkojo ulipimwa kweli.

Zipo na nyingine zinazoambatana na hizo: uchovu usioisha, kupungua uzito bila kujinyima, choo kuwa kigumu au kulegea tofauti na desturi yako, maumivu wakati wa tendo la ndoa. Damu ukeni baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi ni habari tofauti. Hata ikiwa tone moja kwenye nguo ya ndani, usianze daftari, nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Na mwanamke aliyevuka miaka 50 akaambiwa kwa mara ya kwanza maishani kwamba ana “tumbo la wasiwasi” au utumbo unaosumbuliwa na vyakula, asikubali jibu hilo kabla ovari hazijatazamwa. Matatizo ya namna hiyo ya utumbo huanza ujanani. Hayana kawaida ya kuanza uzeeni.

Hatua ya 2: andika kwa wiki nne

Chukua daftari la kawaida la kurasa 40. Chora safu sita: tarehe, kujaa, kushiba, maumivu, mkojo, kiuno. Kila usiku kabla ya kulala tia alama kwenye dalili uliyoipata siku hiyo. Zile siku za hedhi ziwekee duara, ili daktari aone kama dalili zinafuata hedhi au zinajiendea zenyewe.

Kiuno kipimwe mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai. Simama wima, pitisha futi usawa wa kitovu juu ya ngozi, toa pumzi kawaida, soma. Usivute futi ikabana, wala usirudie mpaka ipatikane namba unayoipenda. Mizani ya uzito ikiwepo hata kwa mtaalamu wa pembeni ya barabara, pima siku hiyohiyo. Kiuno kinachopanda huku kilo zikishuka ni picha moja mbaya kuliko zote katika daftari hilo.

Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: “Jumatatu. Kujaa ndiyo. Kushiba ndiyo, nusu sahani. Maumivu hapana. Mkojo mchana mara 9, usiku 3. Kiuno 91.” Jumatatu ya wiki ya nne: “Kiuno 95.” Sentimita nne kwa wiki tatu haziletwi na chapati.

Kipimo cha kukata shauri ni hiki: dalili yoyote kati ya zile nne ikitokea zaidi ya siku 12 ndani ya mwezi, na ilianza ndani ya miezi 12 iliyopita, unahitaji kuchunguzwa. Wiki nne ndiyo mwisho wa kusubiri, na si lazima zitimie. Ukiwa na dalili kila siku kwa wiki mbili mfululizo, ukigusa kitu kigumu chini ya kitovu, au tumbo likivimba waziwazi, funga daftari uende.

Hatua ya 3: tazama ukoo wako

Umri ndio hatari kubwa. Wagonjwa wengi wameshakoma hedhi. Kutozaa kabisa na ugonjwa wa utando wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi, ule unaoleta hedhi ya maumivu makali, huongeza uwezekano kwa kiasi. Kuzaa, kunyonyesha, kutumia vidonge vya uzazi wa mpango kwa miaka kadhaa na kufunga kizazi huupunguza.

Jambo jingine zito lipo kwenye damu ya ukoo. Andika ndugu waliopata saratani ya ovari au ya titi, hasa titi lililougua kabla ya miaka 50, na uandike pande zote mbili. Watu huishia kwa mama na mama wadogo, wakisahau kwamba jeni yenye kasoro hupitia kwa baba vilevile: shangazi na bibi mzaa baba wanahesabiwa. Mwenye kasoro ya jeni iitwayo BRCA1 ana uwezekano wa takriban 40 kwa 100 kupata saratani hii maishani, na wa BRCA2 kati ya 10 na 20 kwa 100, ilhali kwa wanawake wa kawaida katika nchi zilikofanyiwa hesabu hizo ni mmoja au wawili kwa 100. Lakini wagonjwa walio wengi hawana ndugu yeyote aliyeugua. Ukoo safi hauondoi haja ya kupimwa.

Hatua ya 4: useme nini ukifika

Zahanati ya mtaani ni mahali pazuri pa kuanzia na pabaya pa kukwamia. Nyingi hazina ultrasaundi. Kwa Dar es Salaam, omba rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa: Amana kwa Ilala, Temeke, au Mwananyamala kwa Kinondoni. Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road zinakuja baadaye kwa barua ya rufaa, na ukiwa na majibu mkononi unapokewa kwa wepesi zaidi.

Daktari wa wagonjwa wa nje ana foleni ndefu mlangoni. Mazungumzo haya humalizika kwa dawa ya gesi:

“Shikamoo mama, karibu. Unasumbuliwa na nini?”
“Marahaba mwanangu. Tumbo, linajaa jaa tu.”

Haya humalizika kwa fomu ya kipimo:

“Marahaba mwanangu. Tangu baada ya Idi tumbo linajaa, siku kumi na saba kati ya thelathini, nimeandika hapa. Nashiba kwa nusu sahani. Nimemeza dawa za UTI mara mbili, na mkojo ulipopimwa haukuwa na kitu. Kiuno kimeongezeka sentimita nne. Naomba ovari zitazamwe.”

Unayo haki ya kuguswa tumbo na kupimwa kwa vidole ukeni, na unayo haki ya kuomba sista awepo chumbani au daktari mwanamke. Binti ambaye hajaanza tendo la ndoa aseme mapema. Kuna namna nyingine za kumpima.

Hatua ya 5: vipimo na mitego yake

Mkojo kwanza, wa maambukizi na wa mimba. Kisha damu ya jumla, halafu ultrasaundi.

Ultrasaundi ya juu ya tumbo inataka kibofu kilichojaa, kwa sababu mkojo husukuma utumbo pembeni na kufungua njia ya kuona. Kunywa kama lita moja ya maji saa moja kabla, usikojoe. Hapa ndipo foleni inapoharibu mambo: mtu anashindwa kuvumilia, anakwenda chooni dakika kumi kabla ya kuitwa, na ripoti inaandikwa kwamba ovari hazikuonekana vizuri. “Hazikuonekana” si “ziko salama”. Rudia. Ile inayofanyika kwa kifaa kinachoingizwa ukeni huona ovari vizuri zaidi, na hiyo inataka kibofu kitupu. Beba kanga.

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, hivyo muulize daktari mambo haya, na uyaandike: uvimbe una sentimita ngapi, ni maji matupu au una sehemu za nyama na kuta ndani, uko upande mmoja au pande zote mbili, kuna maji yaliyomwagika tumboni? Uvimbe wa maji matupu chini ya sentimita 5 kwa mwanamke anayepata hedhi kwa kawaida hupotea wenyewe, unarudiwa kutazamwa baada ya wiki 6 hadi 12 bila hofu. Wenye nyama ndani, wa pande mbili au wenye maji tumboni unataka mtaalamu wa magonjwa ya wanawake bila kuchelewa. Kwa aliyekoma hedhi, uvimbe wowote uende kwa mtaalamu.

CA-125 ni kipimo cha damu ambacho kimepewa sifa kuliko kazi yake. Kiwango cha kawaida ni chini ya 35. Lakini karibu nusu ya wenye saratani ikiwa bado changa wana namba ya kawaida, na namba hupanda kwa mambo mengi yasiyo saratani: hedhi yenyewe, mimba, fibroidi, maambukizi ya nyonga, ini bovu. Usipime ukiwa hedhini. Pima pamoja na ultrasaundi, kamwe si peke yake.

Mtego mkubwa wa huku kwetu ni kifua kikuu cha tumbo. Nacho hujaza maji tumboni, hukondesha, huleta homa za jioni, na hupandisha CA-125 hadi mamia. Mwanamke anaweza kuambiwa ana saratani iliyosambaa kumbe ni ugonjwa wa kutibika kwa vidonge vya miezi. Kinyume chake nacho hutokea, mtu akameza dawa za kifua kikuu huku saratani ikiendelea. Namba ya damu haiwezi kuamua. Maji ya tumbo au kipande cha nyama ya uvimbe, vikipimwa maabara, ndivyo vinavyoamua.

Hatua ya 6: uvimbe ukishukiwa, mambo ya kukataa na ya kudai

Kataa kuchomwa sindano ya kuunyonya uvimbe wenyewe. Uvimbe wa ovari wenye saratani ukitobolewa unaweza kumwaga chembe tumboni, na ugonjwa uliokuwa umefungiwa ndani ukasambaa. Kutolewa maji yaliyokwisha kujaa tumboni ni jambo jingine na linaruhusiwa. Hayo yapelekwe maabara, yasimwagwe.

Dai kupasuliwa na bingwa wa saratani za wanawake ikiwezekana. Upasuaji wa kwanza ndio unaopima ugonjwa umefika wapi na kuondoa kadiri unavyoonekana, na ukifanywa nusunusu wa pili huwa mgumu.

Dai kila kilichotolewa kipelekwe patholojia, maabara inayochunguza nyama ya mwili. Mara nyingine ndugu ndiye anayekabidhiwa chupa aipeleke. Basi akague: chombo kiwe na mdomo mpana, nyama izame kwenye fomalini, dawa ya kuihifadhi isioze, ya asilimia 10 yenye ujazo wa angalau mara kumi ya nyama, na lebo iwe na jina, umri, namba ya jalada, upande uliotolewa na tarehe. Nyama iliyowekwa kwenye maji au kavu kwenye glavu, kwa joto la Dar, inaharibika kabla haijavuka daraja la Selander, na hakuna mtu atakayeweza kuisoma.

Tiba ya kawaida baada ya hapo ni dripu za kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, ziitwazo karboplatini na paklitaksi, kwa kawaida mizunguko sita ya kila wiki tatu. Wengine huanza na dripu kadhaa kabla ya upasuaji.

Wasichana

Saratani ya ovari ina aina inayowapata mabinti na wanawake chini ya miaka 30, na hiyo hukua kwa kasi, kwa wiki badala ya miezi. Msichana wa kidato cha pili tumbo linamvimba, nyumbani wanamtuhumu mimba. Kibaya zaidi, baadhi ya vimbe hizi hutoa homoni ileile inayosomwa na kipimo cha mimba, kikaonyesha mistari miwili kwa mtoto ambaye hajamjua mwanamume. Kabla ya kumfukuza au kumburuza, mpelekeni ultrasaundi. Aina hii huitikia tiba vizuri sana, na mara nyingi ovari ya pili huachwa ili aje kuzaa.

Usisubiri kesho yake

Maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika: ovari yenye uvimbe inaweza kuwa imejisokota. Tumbo limevimba, unatapika, na hupati choo wala huwezi kujamba: utumbo umeziba. Kukosa pumzi ukilala chali, au mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Yote haya ni ya dharura, usiku huohuo, kwa bajaji au gari lolote lililopo.

Karatasi

Nunua faili la plastiki. Panga kwa tarehe, jipya juu: barua za rufaa, ripoti za ultrasaundi na picha zake, namba za damu, ripoti ya upasuaji, ya patholojia. Piga picha kila karatasi kwa simu siku unapoipokea na umtumie ndugu mmoja, maana picha za ultrasaundi hufifia na mafaili husahaulika kwenye daladala. Mwenye bima aulize kabla ya kipimo kama CA-125 na skani ya CT vimo kwenye kifurushi chake. Asiye na bima wala uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya umma kabla ya deni kujengeka, akiwa na barua ya serikali ya mtaa. Na ripoti ya patholojia iombe nakala yenye muhuri, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayoulizwa ya kwanza utakapofika Ocean Road.